Furushi Nililoliacha Nyuma ya Mlango

Nyie mabinti mnaomaliza kidato cha nne mwaka huu na kuulizana kazi ipi ina kiti na kivuli, nisikilizeni. Sina mvi. Nina miaka ishirini na tisa, watoto wawili, na wa tatu yuko tumboni ananipiga mateke hapa ninapoandika. Lakini kazi ya kupokea wageni nimeifanya miaka saba katika resthausi pale Kasulu, nikaiacha. Na anayeacha kazi kwa hasira amestaafu sawasawa na yule anayepewa saa ya ukutani, ila yeye hapigiwi makofi.

Nitawaambia nilichojifunza. Halafu nitawaambia jambo moja nililolijua barabara, nikalifundisha hata wenzangu, kisha nikashindwa kulifanya kwa mama yangu mzazi. Hilo la pili ndilo linaloniandikisha. Msitegemee niwabembeleze.

Tuanze na blanketi. Mgeni wa kutoka pwani akisikia anahamishiwa Mkoa wa Kigoma huwaza joto la ziwani. Anashuka Kasulu mwezi wa sita na shati jepesi, asubuhi meno yanagongana. Mpe blanketi mbili kabla hajaomba. Akiomba ndipo ukampa, umefanya kazi. Ukimpa kabla hajaomba, atakuita mwanangu mpaka siku ya kuondoka.

Maji ya kuoga yakae motoni kabla ya jogoo. Karabai isafishwe mchana, si giza limeshaingia na wageni wanakungoja kwa kupapasa. Na pasi ya mkaa, tafadhali, ijaribuni kwanza kwenye kitambaa kibovu. Mimi niliunguza suruali ya mkaguzi mmoja wa shule, mahali pabaya kabisa pa kukalia. Nikaikunja vizuri, tundu ndani, nikaiweka kitandani kama hakuna kitu. Bi Mwasiti akaniona.

Bi Mwasiti alikuwa mpishi wetu, mama mtu mzima wa Ujiji, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, kwa maana alinitukana kila siku mpaka nikaiweza.

"Skola! Hiyo suruali ina tundu moja. Ukitia na uongo yatakuwa mawili. Nenda kaseme."

"Atanifukuza, Bi Mwasiti."

"Akufukuze! Atavaa nini akikufukuza? Nenda!"

Nikaenda. Mkaguzi akacheka mpaka akakohoa, akakagua shule za Kasulu akiwa amevaa kaptula. Sema umeunguza. Hilo nililishika kwa suruali. Kwa mambo makubwa, mtaona.

Somo kubwa la Bi Mwasiti lilikuja siku alipofika bwana shamba mmoja, Muha mwenzetu wa Kibondo, na mkewe na mama wa mkewe. Nikawaandalia meza moja, sahani tatu, wali na kuku, nikajipongeza. Yule bibi akatoka nje, akakaa chini akiuelekea ukuta. Nikamfuata nikamwambia, bibi, chakula kinapoa. Akasema ameshiba. Nikarudi jikoni nikasema, yule bibi mgonjwa.

Bi Mwasiti akaweka mwiko chini. "Wewe ni Muha wa wapi? Mimi mtu wa ziwani ndiye nikufundishe ya kwenu? Mkwe wake si yuko mezani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Kwetu, kwa watu wazima, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani vinywani. Mmoja akitafuna, mwingine hayupo. Si chuki, ni heshima, na bibi wa kijijini yuko radhi alale na njaa kuliko kumfungulia mkwe mdomo wake. Mimi nililijua hilo tangu utoto. Sekondari tu ndiyo iliyonisahaulisha, na nadhani nilitaka kusahaulishwa.

Bi Mwasiti akachukua sahani, akamwingiza yule bibi jikoni, akamwekea kigoda na kufunga mlango. Kisha akanigeukia. "Mtu, kabla hujamwuliza anakula nini, mwulize anakula na nani. Umesikia? Hiyo ndiyo kazi. Kupika anaweza yeyote."

Nikalishika. Kuanzia siku ile hakuna familia iliyoingia kwangu bila kuulizwa. Nikasifiwa. Wageni wakawa wanasema, yule dada wa Kasulu anajua watu. Nami nikayaamini maneno yao, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Kulikuwa na daktari wa Kibondo, mtu mweusi kama sisi lakini wa mbali, kutoka Jamaika, visiwa vya Karibiani. Akipita Kasulu alilala kwetu. Kiswahili chake alikijenga tofali moja moja, lakini nyumba ilisimama. Siku moja ya mvua, barabara imekatika, alikaa barazani akanisimulia hoteli za kwao za ufukweni.

"Ndugu Skola, unaingia, unalipa mara moja, basi. Unakula, unakunywa, unaogelea, unalala. Hakuna mtu kukuuliza kitu."

"Ukitaka kula tena?"

"Unakula tena."

"Mara ya tatu?"

"Hata mara kumi. Mpaka tumbo liseme, bwana, niache."

Mabinti, kumbukeni ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya sukari. Niliisikia hoteli ile kama watu wanavyoisikia pepo. Daktari akaendelea, akasema mama yake alifua shuka katika hoteli moja ya hizo miaka mingi, na mchanga wa mbele aliukanyaga siku moja tu, siku upepo ulipopeperusha shuka akaikimbiza. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaomba chai nyingine. Nusu ya kwanza ya habari ile niliibeba miaka. Nusu ya pili nilimwachia na kikombe chake.

Basi, Bwana Sefu, mfanyabiashara wa pale Kasulu mjini mwenye ndugu huko ziwani, akajenga nyumba ya mapumziko ufukweni mwa Tanganyika, vyumba sita. Naye alikuwa ameyasikia ya daktari, maana barazani kwetu hakuna siri. Akaamua na yake iwe vilevile, malipo ya mara moja, chakula chote ndani yake, meza moja ndefu mbele ya maji, kengele ikilia wote mnakaa. Akanijia.

"Mwanangu Skola, wewe unajua mambo ya wageni. Niandikie masharti."

Nikamwandikia. Mwandiko wangu masista waliusifu shuleni. Niliandika kwa wino wa buluu juu ya karatasi ngumu: chakula ni mezani tu, hakipelekwi chumbani. Mgeni haingii jikoni. Jikoni hapatolewi chakula kwa asiye mtumishi. Sababu zilikuwa za kazi. Nilikuwa nimechoka na panya na makombo na watu wa barabarani wanaodoea mlango wa nyuma. Bwana Sefu akaibandika ukutani, akafurahi. Familia za Kasulu zikawa zinakuja kwangu kuuliza, dada, kule ziwani panatufaa? Nami nikawa hakimu. Mwenye mtoto anayetambaa nilimwambia ukumbi hauna ukingo, asubiri mtoto akue. Mwenye mzee wa kifua nilimwambia upepo wa jioni ni mkali. Kwa shukrani Bwana Sefu akaniambia nenda na wewe, siku tatu, na familia yako yote.

Familia yangu yote ilikuwa mume wangu, Baba Neema, mwalimu, mtu wa Muheza aliyepangiwa huku na serikali. Neema, wa miaka mitano. Kichanga mgongoni. Na mama yangu, aliyetoka Kagerankanda akaja kunilelea watoto ili mimi niende kazini kujua watu.

Nikakaa kupima kama panatufaa. Chandarua kipo? Kipo. Maziwa ya mtoto? Yapo. Maji ya kina kifupi kwa Neema? Yapo. Nikasema panafaa, nikamwambia mama kwa Kiha, akiwa anapepeta maharage.

Akauliza jambo moja tu. "Na mkwe atakuwepo?"

"Atakuwepo, mama! Nani atakubebea mzigo?" Nikacheka.

"Ego," akasema. Maana yake ndiyo. Akaendelea kupepeta.

Nyie, swali lilikuwa hilo hilo la Bi Mwasiti! Mama yangu asiyejua kusoma aliniuliza swali la kazi yangu mwenyewe, nami nikamjibu habari za mizigo.

Asubuhi ya safari nikaona kikapu chake kimevimba. Nikafungua. Chini ya khanga palikuwa na furushi la kitambaa cheupe. Ndani yake mahindi ya kukaanga, karanga, na viazi vitamu vilivyochemshwa vimefungwa kwenye jani la mgomba. Nilihisi uso unawaka moto. Tunakwenda mahali pa kula mpaka basi, mahali ambapo mimi ndiye niliyeandika masharti, na mama yangu anashuka na viazi! Watumishi watasemaje? Mama alikuwa nje akimkojoza Neema. Nikalitoa furushi, nikaliweka nyuma ya mlango wa jikoni, nikalaza khanga vizuri kikapu kisionekane kimepungua.

Hapo ndipo nilipomuua kwa njaa. Kila kilichofuata kilikuwa kivuli cha hapo.

Tulipanda lori la Bwana Sefu lililobeba magunia. Njiani mama akaingiza mkono kikapuni. Akapapasa. Akapapasa tena mpaka chini. Akanitazama. Mimi nikatazama barabara kama dereva.

Jioni kengele ikalia. Migebuka ya mawese, wali, mchicha wa karanga. Baba Neema, mtu mwema, mila za kwetu hazijui, akavuta kiti cha kando yake.

"Mama, karibu hapa kando yangu. Leo nakupakulia mimi mwenyewe."

Mama akafunika mdomo kwa ncha ya khanga. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukwarakwara, "Asante baba. Tumbo linasumbua." Akamchukua kichanga, akaenda chumbani.

Mkidhani sikuelewa, nyie wema kuliko ninavyostahili. Nilielewa. Kijiko kilikuwa mkononi na nilielewa. Nikajiambia, atazoea, huu si wakati wa bibi zake. Nikajiambia kesho akiona wengine wanakula ataona ni jambo dogo. Nikala samaki wawili.

Asubuhi chai, mikate, mayai. Mama tumbo linasumbua. Mchana kuku. Mama tumbo linasumbua. Baba Neema akahangaika kweli, akatembea mpaka dukani kijijini akarudi na vidonge vya magnesia. Akanipa nimpelekee. Mama akavimeza mbele yangu, viwili, kwa maji, tumboni hamna kitu tangu uji wa alfajiri ya jana, akasema nimshukuru mkwe.

Nikatoka nikaenda kuogelea na Neema.

Alasiri Bwana Sefu akafika na bidhaa kutoka Kasulu. Mimi nilikuwa barazani, miguu juu ya kigoda kama mke wa mkuu wa wilaya. Akaja amekasirika, anajipangusa jasho.

"Skola, watu hawa! Nimemkuta bibi mmoja jikoni, amekaa na watumishi, sahani mkononi! Nimemwondoa. Wapishi wananiambia ati aliwasaidia kumenya mihogo. Sasa kila anayemenya muhogo nimlishe?"

Nami, kwa ile sauti yangu ya kazi, nikamjibu. "Umefanya vyema, Bwana Sefu. Ukimlea mmoja, kesho wako kumi."

Maneno hayo niliyasema kwa kinywa hiki.

Bwana Sefu akaenda zake kupakua magunia. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo pembeni, mfuaji wa pale, akabaki ameshika shuka. Akanijongelea.

"Dada, umesema amefanya vyema?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Si yule bibi uliyeshuka naye kwenye lori? Aliyembeba mtoto wako?"

Nilikwenda chumbani bila viatu, mchanga unaunguza. Mama alikuwa chini, mgongo umeegemea kitanda, kichanga kimelala mapajani. Kikapu kilikuwa kimeshafungwa.

"Mama."

"Mm."

"Ulikuwa jikoni?"

"Nilikuwa nawasaidia mihogo. Wale watoto wanamenya vibaya, nusu wanaitupa na maganda."

"Umekula?"

"Nimeonja."

"Mama, umekula?"

Akamrekebisha mtoto kichwa. "Nilimega mara moja. Mara ya pili yule bwana akaingia."

Nikaanza kumsema Bwana Sefu. Nikasema hakujua, nikasema hana adabu, nikasema yote mawili kwa pumzi moja. Mama akaniacha niishe.

"Hakukosea," akasema. "Wamenionyesha ukutani, imeandikwa. Wanasema mwandiko mzuri."

Mpaka leo sijui kama alijua ni wa nani.

Nilikwenda jikoni, nikapakua wali na mihogo na samaki, nikaupita ule ukuta wenye wino wa buluu bila kuutazama, nikamletea chumbani. Akala. Alikula polepole, hakuharakisha hata tonge moja, na mimi nilisimama mlangoni kama askari ili Baba Neema asiingie. Alipokuja akauliza kuna nini, nikamwambia. Ilibidi nimweleze mila yote, pale pale mlangoni, kwa kunong'ona.

"Skola! Siku mbili namvutia kiti! Nimempa dawa ya tumbo mtu mwenye njaa! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Mimi ningekula hata juu ya mti!"

Na kweli jioni ile kengele ilipolia alichukua sahani yake akaenda kula kwenye mawe, mbali, mgongo kwetu, mawimbi yanamrushia maji kwenye wali. Lakini mama mezani hakukaa. Alisema ameshakula, anatosheka. Kesho yake tukarudi.

Mnangoja niwaambie nilimwendea Bwana Sefu nikasema, yule bibi ni mama yangu. Sikwenda. Kwa suruali ya mkaguzi nilikwenda. Kwa mama yangu niliona aibu, nikajidai ni kutunza heshima yake, nikaaga, nikashukuru kwa ukarimu. Tundu lilikuwa moja, nikalifanya mawili.

Tulipofika nyumbani nilikimbilia jikoni kumtangulia. Sikuwahi. Alikuwa ameshasukuma mlango, na furushi liko pale pale, sisimizi wameshapanga mstari. Viazi vimechacha. Mama akainama, akalikung'uta, akaliambia lile furushi, si mimi, "Kumbe wewe ulibaki kulinda nyumba." Akachambua mahindi kutoka kwenye sisimizi, akayaanika juani.

Baada ya mwezi hivi akaja mtu kutoka Busunzu na mkewe, watoto, na bibi mmoja mwenye kikapu aliyesimama nyuma kabisa, karibu na lango. Mwanamume akauliza, dada, kule ziwani panatufaa? Nikauliza yule bibi ni wa upande gani. Akasema wa mke. Nikauliza mnakula pamoja? Akacheka, akasema kule si chakula ni tele? Nikamwambia, "Hapafai." Akasema lakini watu wanapasifu. Nikasema, "Wanaopasifu ni walioshiba. Hapafai, kaka, labda meza ziwe mbili." Yule bibi alihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule.

Habari zikamfikia Bwana Sefu, zikamfikia na meneja wangu. Wakaniita, wakaniuliza kwa nini naharibu jina la nyumba ya watu. Nilikuwa na sababu mdomoni, maneno matano tu, na hayakutoka. Badala yake nikapiga kelele, nikatupa funguo mezani, nikaondoka. Watu wa Kasulu wanasema Skola ana hasira. Ndiyo. Mngekuwa mimi mngekuwa nayo. Bwana Sefu, ukiyasoma haya, au ukisomewa: yule bibi ni mama yangu. Na masharti ni yangu. Wewe ulibandika tu.

Mama alirudi Kagerankanda. Hajawahi kulitaja jambo lile, wala siku moja. Huwa nakwenda kumwona, na kila ninapoaga ananifungia kitu cha njiani, kama mama yeyote. Mara ya kwanza alinipa furushi la mahindi na karanga. Nikashukuru, nikageuka. Akaniita nirudi, akanipa la pili, dogo, kitambaa kile kile cheupe.

"La nini tena, mama? Hilo moja linatosha."

"Hilo ni la kula," akasema, uso mkavu kabisa. "Hili ni la kuweka nyuma ya mlango."